Flashi ya Shemeji

Bizuayehu aliandikia watu mashtaka kwenye kibanda chake nje ya mahakama ya mji wa Dessie, Ethiopia, kwa kompyuta kongwe kiasi kwamba ikiamka asubuhi ilitaka kwanza kuambiwa ni nani anatawala. Ukibonyeza herufi, unakaanga buni, unaitwanga, unaichemsha na kunywa kikombe cha kwanza ndipo herufi itokee. Na ikitokea, imechoka.

Siku hiyo mjane mmoja, Wubalem, alimjia akihema. Muda wa kukata rufaa juu ya nyumba yake ulikuwa unakwisha saa sita mchana, dirisha la masjala likifungwa. Akichelewa, nyumba inakwenda kwa shemeji yake, Mekuria.

"Si uende kwa wenzangu wenye mashine mpya?"

"Wenzako wote leo wana mteja mmoja."

Bizuayehu akachungulia. Kweli bwana. Mekuria alikuwa amewakodi waandishi wote. Mmoja alimwandikia malalamiko dhidi ya jogoo wa jirani, wa pili dhidi ya mvua, na wa tatu alikuwa katikati ya barua ndefu ya kumpongeza mkuu wa posta. Bizuayehu peke yake hakukodiwa.

"Yaani mimi hata kuogopwa siogopwi?" akafoka, akaanza kuchapa kama anayechoma kisu.

Hasira nayo ni mafuta. Saa sita ilipokaribia, zilibaki aya mbili tu. Mekuria akaliona hilo, akamjia Bizuayehu na gabi lake mabegani, shuka zito la pamba, anatabasamu.

"Dada, nakuonea huruma. Chomeka flashi hii, uiruhusu mashine iitumie kama kumbukumbu ya ziada. Itapaa."

"Usipokee kitu chake!" Wubalem akasema. "Huyu alikuja msibani kwa kaka yake na futi kamba mfukoni."

Lakini Bizuayehu alishasikia kwa mafundi kwamba dawa hiyo ipo, na alitaka sana kuwaonyesha wale waliokodiwa. Akachomeka, akaruhusu. Kompyuta ikaguna, ikaganda kama maiti.

"Ehe," Mekuria akasema, "mara ya kwanza huwa inajiandaa. Tena sana. Sikukwambia?"

"Mbwa wewe!"

"Ichomoe basi. Rufaa si umeshaihifadhi?"

Hakuwa ameihifadhi. Na dirisha lile halikupokea mwandiko wa mkono.

Demissew, karani wa masjala, akashika kibao cha dirisha akaanza kukishusha. Wubalem hakulia. Alishika pindo la shali yake, akalifunga kwenye pindo la gabi la Mekuria, fundo la kufungia punda, akapaza sauti:

"Kwa Mungu wa sheria, Mekuria, huondoki! Na wewe karani, kwa Mungu wa sheria, usifunge!"

Uwanja mzima ukageuka. Kiapo hicho wazee wa kule walikiogopa kuliko bunduki: waliofungwa nguo hawaachani, wala mlango wa haki haufungwi, mpaka neno lisikilizwe.

"Ushenzi huo!" Mekuria akapiga kelele. "Nchi ina katiba!"

"Katiba ninayo humu ndani," Demissew akajibu, akikiacha kibao nusu. "Ila kiapo kimenikuta dirisha liko wazi. Nasubiri neno la huyu mama."

Basi wakasubiri. Jua likawaka. Ndani ya gabi Mekuria akaiva kama mkate. Waandishi wakaacha barua zao wakaja kumtazama. Yule wa jogoo akamuuliza kama ashtaki na kuku.

"Dada, ichomoe hiyo flashi, nakufa!"

"Niichomoe? Wacha ijiandae. Jasho likuoshe roho."

"Mchawi we!"

"Simama wima, shemeji," Wubalem akamvuta. "Unanikunjia shali."

Saa nane kompyuta ikazinduka. Wapo wanaoapa hadi leo kwamba herufi ziliruka kama nyuki. Bizuayehu hakuona tofauti hata chembe. Alimaliza aya zake mbili, akatoa nakala, akazipeleka mwenyewe dirishani. Demissew akagonga muhuri kwa nguvu, meza ikalia.

Fundo lilikuwa limekaza, halifunguki.

"Kata!" Mekuria akasema.

"Nikate shali yangu kwa ajili yako? Vua gabi."

Akavua. Wubalem akashuka mtaani akiliburuta vumbini, hakugeuka.

"Tukutane kwenye kesi," akasema. "Na futi kamba yako uje nayo."