Mguu wa Saba wa Chipu

Njiti ya kiberiti ilikuwa sakafuni. Huwa naibana kati ya jalada na karatasi ya kwanza ya faili la sita, na nimefanya hivyo miaka kumi na tisa, ili mtu akilifungua nijue. Sasa ilikuwa chini ya meza, na wenye ufunguo wa karakana ni wawili tu: mimi na binti wa marehemu mdogo wangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe nilimnunulia mimi.

Usinione mwehu. Nina mafaili kumi na moja ya karatasi za vipimo. Kila karatasi inaeleza chipu moja ya zamani, kile kidude cheusi cha ndani ya mashine: ina miguu mingapi, mguu upi unaingiza umeme, upi unatoa, na kwa kiasi gani. Viwanda vilivyozichapa vilifungwa siku nyingi. Fundi asiyekuwa nazo anapapasa tu, na hapa mjini mwenye nazo ni mimi. Ndiyo maana siamini watu.

Siku hiyo nilizihitaji mwenyewe. Mashine ya mama ya kupumulia ilizimika asubuhi, na mtungi wa oksijeni tulioazima zahanati ungemfikisha jioni tu. Mwingine hawakuwa nao. Ugonjwa wa mashine niliujua: chipu ya miguu minane inayoendesha pampu ilikuwa imekufa. Nilibaki na moja ya akiba, ya mwisho. Ukiipa umeme kwenye mguu usio wake inaungua palepale, na hapo sikujua mama angepumua nini.

Nikafungua faili. Karatasi ilikuwepo, tena safi. Umeme unaingilia mguu wa saba, ilisema. Badala ya kushukuru, nikaingiwa na shaka.

Miaka kumi na tisa nyuma nilikuwa na mwanafunzi. Nikamkamata ananakili karatasi zangu kwenye daftari la shule, ukurasa kwa ukurasa. Nilimfukuza mbele ya wateja, nikampachika jina la Kalamu. Hana haya yule, jina hilohilo akaliandika kwenye kibao cha duka lake, ng'ambo ya barabara, nilisome kila asubuhi. Nami nikachukua wembe, nikakwangua namba kwenye baadhi ya karatasi zangu na kuandika nyingine kwa wino wa rangi ileile. Mwizi akirudi, aibe moto. Orodha ya nilizobadilisha niliiweka kichwani, maana karatasi huibwa.

Sasa niliigeuzageuza ile karatasi dirishani. Hii saba ni ya kiwanda au ni yangu? Kazi ya wembe niliifanya vizuri mno. Sikukumbuka.

Binti akaingia, akanisalimu. Nikamwonyesha ile njiti.

"Umefungua faili la sita."

"Ndiyo, baba mkubwa. Na la saba, na la nane. Nazipiga picha."

"Unampelekea nani? Kalamu?"

"Nampelekea kila mtu. Naziweka mtandaoni, fundi yeyote azisome bure. Mchwa wameshamaliza faili la pili, hukuona?"

Sikuona. Nilikuwa naangalia njiti, siangalii karatasi.

"Na Kalamu anaingiaje hapo?"

"Aliniazima daftari lake, nalo nikalipiga picha. Ila kurasa tisa hazikufanana na zako. Nikajua alikosea kunakili, si alikuwa mwanafunzi tu? Nikafuta zake, nikabakiza zako."

Tisa hizo ndizo nilizozikwangua mimi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mimi nilikuwa nakaribia kumtumbukiza mama yangu.

"Hii ya pampu imo kwenye hizo tisa?"

"Imo. Yeye kaandika mguu wa tatu."

Nikavuka barabara. Njia nzima nilijiambia kwamba ningekuwa mimi Kalamu, leo ndiyo siku yangu ya kulipiza. Ningeandika lolote na kukaa kusubiri moshi.

Alikuwa ameinamia redio. "Karibu, fundi," akasema. Upole wake ukanitia shaka zaidi. Nilimweleza habari ya mama. Palepale akatoa daftari kutoka kabati la juu na kunifungulia ukurasa. Mguu wa tatu. Nikapitisha ukucha juu ya ile namba, nikaiinua kwenye mwanga.

"Unatafuta nini, fundi?"

"Palipokwanguliwa."

Akacheka kidogo. "Hiyo hukunifundisha."

Niliona aibu, sina neno jingine. Nikamwambia abebe vifaa vyake tuondoke, chipu akaichomelee yeye.

Tulipofika kwa mama, mshale wa mtungi ulishafika kwenye nyekundu. Mama alikuwa ameegemea mito miwili, macho yake kwangu. Kalamu alichomelea chipu, mimi nikiwa nimemshikia taa, na hata hapo nilimtazama vidole, Mungu anisamehe. Akaniachia swichi. Nikabonyeza. Pampu ikakohoa mara mbili, kisha ikanguruma.

Mama alipumua kwa muda mrefu kabla ya kusema. "Nani katengeneza?"

"Kalamu, mama."

"Yule mwizi?"

"Hakuniibia kitu. Karatasi nimeziharibu mimi mwenyewe, na nzima amezitunza yeye."

Binti alikuwa mlangoni na simu mkononi. Alinitazama kama mgeni. "Basi nirudishe kurasa zake?"

"Zote tisa. Na sasa hivi, kabla fundi mwingine hajaunguza kitu kwa namba zangu. Chini yake andika jina lake la kweli, si hili nililompachika."

"Anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo nijibu. Alikula kwangu miaka miwili, akilala karakanani, na jina lake sikulikumbuka. Ilibidi nigeuke nimuulize mwenyewe.