Biasha Kanifia Somanga

Kiswahili ni lugha yenye adabu zake, na anayezivunja hujionea mwenyewe. Mtu akifa tunasema amekufa. Gari likifa tunasema limekufa. Ni herufi mbili tatu tu, mtoto anayetambaa atakurekebisha. Sasa huyu Famau wa Kuze, Mombasa, mtu mzima mwenye ndevu zake na kofia ya viua, hakuwa mjinga wa lugha, hasha. Watu wa Mombasa ukiwaambia hawajui Kiswahili mtagombana mpaka kesho. Alikuwa na mapenzi tu, na mapenzi yalimharibia sarufi.

Mapenzi yenyewe yalikuwa kwa gari. Gari la boksi, mabaki ya jeshi, alilolinunua vita vya Mwingereza na Mjerumani vilipokwisha, akalipaka rangi ya kijani na kuandika mlangoni BIASHA kwa mkono wake. Famau hakuwa na mke wala mtoto, wazazi walikwisha kutangulia mbele ya haki, kwa hiyo maneno yote ambayo mwanamume humwambia mtu wa nyumbani mwake yeye aliyamalizia kwa gari. Biasha kaamka vyema leo. Biasha ana kiu. Biasha kanuna, hataki kilima. Pale Kuze walishamzoea, wakicheka chini chini. Ng'ambo ya Rufiji hakuna aliyemzoea, na yeye mwenyewe hakuwahi kufika huko.

Kazi yake ilikuwa kuwasha taa za harusi. Mle garini mlikuwa na injini ndogo ya umeme, nyaya, na globu za rangi zilizolazwa kwenye majani makavu kama mayai. Valimohamed, mwenye duka kule Kilwa Kivinje, alikuwa anamwoza binti yake Sikina. Taa hizo alikwisha kuziona Mombasa kwenye harusi ya jamaa zake, akaapa kuwa Kivinje nayo lazima ing'are. Basi Famau akavuka mpaka, akaiacha Kenya nyuma, akaingia Tanganyika, akapanda pantoni ya Rufiji, na kote alikopita alikuwa na furaha na hofu kwa pamoja. Alikuwa ametoa ahadi: siku ya harusi, jua likizama, taa ziwake. Zikiwaka, harusi zote za pwani hii hadi Lindi zingekuwa zake. Zisipowaka, Mombasa wangejua kabla hajarudi, na fundi wa taa aliyewaacha watu gizani nani atamwita tena?

Asubuhi ya siku yenyewe alikuwa Somanga. Angefuata barabara kuu kama watu wengine, mchana ungemkuta Kivinje anakunywa chai ya maziwa barazani kwa Valimohamed. Lakini barabara ilikuwa mchanga mtupu, Biasha anakohoa, na muuza maandazi mmoja akamwambia ipo njia ya wachemsha chumvi, inakatiza nyuma ya mikoko, ardhi yake imara kabisa bahari ikiwa imetoka. Muuza maandazi hakusema uongo. Alisahau tu kwamba yeye huipita kwa miguu. Katikati ya hori, mkono wa bahari uliokupwa, magurudumu yalizama, Famau akakanyaga mafuta kwa hasira, tope na maji ya chumvi yakaruka hadi ndani ya boneti, Biasha akapiga chafya moja na kunyamaza. Famau alipiga hendeli mpaka viganja vikachubuka, wapi.

Halafu akaona kijito chembamba kinapita kati ya miguu yake, kinaelekea bara. Bahari ilikuwa inarudi.

Mtu wa Mombasa haelezwi maji kujaa ni nini. Mchana ule ule pale alipo maji yangemfika kifuani, na injini, nyaya, globu, ahadi na Biasha mwenyewe, vyote vingekuwa mali ya bahari. Alikimbia hadi barabarani akilia, nasi hatutamcheka kwa hilo. Wapo waliolia kwa dogo kuliko hilo.

Barabarani alikutana na Sebastiani, mkulima wa milimani, Mkatoliki mpole, anasukuma baiskeli yenye gunia la ufuta. Kwao Sebastiani husema Kimatumbi. Kiswahili anakijua vizuri, na hukisikiliza kwa makini, kila herufi mahali pake. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, utaamua mwenyewe.

“Biasha kanifia, ndugu yangu,” Famau alisema. “Kanifia huko mikokoni, na maji yanajaa.”

Sebastiani akavua kofia. Famau kwa uchungu akamwaga yote: kwamba tangu walipopita Mohoro mwenzake alikuwa anakohoa, kwamba alimpa maji akayatapika, kwamba wametoka pamoja Mombasa na hajapata kumwangusha hata siku moja, na sasa kalala topeni na yeye peke yake hamwezi, mzito mno, angepata walau wanaume ishirini. Sebastiani alishtuka kidogo kusikia ishirini. Lakini watu wa huku wana haya zao. Mfiwa haulizwi marehemu alikuwa mnene kiasi gani. Akafanya ishara ya msalaba, akauliza tu kama marehemu alikuwa Mwislamu. Famau, ambaye akili yake yote ilikuwa kwenye maji, alisikia nusu ya swali, akajibu ndiyo, ndiyo, fanya haraka. Sebastiani akasukumia gunia la ufuta kichakani, akapanda baiskeli, akapotea.

Famau akarudi kwa Biasha na kukaa juu ya paa. Maji yalishafika kwenye ringi. Alitazamia watu watatu, wanne, tena wa kubembelezwa. Alichosikia kwanza ni kilio. Kilio cha wanawake wengi, kinakuja, kinapanda na kushuka, mpaka nywele zikamsimama. Kisha mikoko ikaachana na kijiji kikatoka: wanaume na majembe na kamba, akina mama wamejifunga kanga viunoni na mikeka vichwani, jeneza la msikitini mabegani mwa wanaume wanne, na mbele yao Bi Mwahija, mwosha maiti, mkubwa wa mwili na wa sauti, na ndoo yake na kifurushi cha pamba na ubani. Ubavuni mwake alikuwapo Laurenti, Mngindo, mtani wao. Huyu kwa haki ya utani huja msibani kuwakera wafiwa, na tayari alikuwa anapiga kelele kwamba marehemu kafa kusudi, kukwepa kumpikia yeye ugali.

Wakasimama. Wakatazama tope, wakatazama gari, wakamtazama mtu juu ya gari. Bi Mwahija akauliza marehemu yuko wapi.

Famau akaelewa yote kwa mpigo, na damu ikamwisha usoni. Adanganye nini? Aseme maiti imechukuliwa na maji? Watu hawa wameacha mashamba. Wengine wanatokwa machozi ya kweli kwa ajili ya mwanamke wasiyemjua, wa nchi wasiyoijua. Akiwaambia ukweli watageuka waende zao, na haki watakuwa nayo, na bahari itammaliza. Lakini aliona haya kuliko alivyoona hofu. Akashuka, akasimama kwenye maji, kofia mkononi.

“Biasha ndiye hili gari,” alisema. “Sina mwingine. Nisameheni.”

Kilio kikakatika. Sebastiani alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, na ungemwona midomo inamchezacheza: kanifia, kanifia. Mwalimu wa msikiti akaamuru jeneza lirudishwe mara moja, si kitu cha mzaha, na wabebaji wakageuka, na wengine nyuma yao wakaanza kugeuka. Famau akajua kwisha habari yake.

Bi Mwahija hakugeuka. Alikuwa anavuka tope, ndoo mkononi, kanga imepanda magotini. Alilizunguka gari lote taratibu, akalipapasa boneti kwa kiganja, kama wanavyofanya waosha kabla ya kuanza.

“Tangu niijue kazi hii sijatoka nyumbani na ndoo nikarudi bila kuosha,” alisema. “Kichwa chake kiko upande gani?”

Aliyeanza kucheka ni Laurenti, akacheka mpaka akakaa kwenye maji. Kicheko kikampata jirani yake, kikawapitia akina mama, kikawafikia hata wale waliokwisha kugeuka. Basi tena, kazi ikaanza. Majembe yakachimbua tope nyuma ya magurudumu. Mikeka ya matanga, mipya, ikatandikwa chini ya matairi, na hakuna mama aliyelalamika. Kamba zikafungwa, wanaume wakashika, Laurenti mbele anaimbisha matusi ya utani: mwanamke gani huyu, huko Mombasa anakula nini, mume wake anamlisha mawe. Wanaitikia huku wanavuta, wanateleza, wanaanguka mafungu mafungu, wanaamka na nyuso za tope na kucheka upya. Wahenga walisema kifo cha wengi harusi, na sijui kama waliwahi kuona siku kama hii. Biasha akatikisika, akaguna kwa chini kama anayeamka, akatoka topeni, akapanda pakavu. Nyuma yake hori likajaa tele.

Lakini moyo ulikuwa bado kimya, chumvi imeingia kila mahali. Famau akafungua boneti, akatoa plagi moja moja. Bi Mwahija akazipokea, akazisuuza kwa maji matamu ya kisima aliyokuja nayo, akazikausha kwa pamba yake, akapangusa na waya zote, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, kama alivyozoea. Famau akarudisha plagi, akapiga bismillahi, akapiga hendeli. Mara ya kwanza hola. Mara ya pili Biasha akakohoa, akaunguruma, na vigelegele vikawatimua ndege mikokoni.

Famau akamshika mkono Sebastiani, akamwomba radhi kwa kumkimbiza bure. Kisha akamwuliza, je, kama angesema tangu mwanzo kuwa ni gari? Sebastiani alifikiri, maana si mtu wa kujibu ovyo.

“Ningekuja,” alisema. “Kesho, nikishauza ufuta.”

Hapo Famau angeondoka, njia i wazi na Biasha ananguruma. Kumbe kule kijijini kaburi lilishachimbwa. Na kaburi likishachimbwa haliachwi tupu, litaita mtu. Hutafutwa mgomba ukazikwa humo. Laurenti akasimama mbele ya gari, mikono kiunoni, akasema hajapata kuona mazishi yasiyo na mfiwa, wala hataanza leo. Famau akatazama jua. Lilishaanza kuinama, na Kivinje bado ni mbali. Akawaza taa, akawaza Valimohamed na jina lake lote lililoning'inia kwenye nyaya zile. Halafu akawatazama watu wale, tope mpaka masikioni, mikeka yao imechanika. Akafungua mlango, akawapakia wazee na Bi Mwahija, akageuza gari kuelekea kijijini.

Mgomba ukalazwa shimoni. Mwalimu wa msikiti alikaa mbali barazani kwake, kajifanya haoni, mabega yanamtikisika. Laurenti akapanda juu ya kifusi, akataka kujua wafiwa ni akina nani, wajitenge upande wa kushoto awaone, maana watani wana haki ya kujua wa kuwatukana. Famau akasogea upande wa kushoto. Akasimama peke yake, mgeni mwenye viganja vilivyochubuka, na kwa kweli alionekana mdogo.

Sebastiani akaja kusimama kando yake. Bi Mwahija akafuata, akiwa bado na ndoo. Wakafuata wabebaji wa jeneza, akina mama wa mikeka, wachimba kaburi na majembe yao, hadi Laurenti akabaki peke yake juu ya kifusi, analalamika kwamba sasa kaburi lote atalifukia yeye. Famau alilia kwa mara ya pili siku ile, hadharani, wala hakujificha. Akatupa udongo, akala matonge ya ubwabwa wa msiba kwa mkono wenye tope, akaaga.

Aliingia Kivinje jua limeshazama, wekundu wake tu umebaki. Valimohamed alikuwa barazani, karibu ang'oe ndevu zake mwenyewe. Famau alishuka garini mbio. Alipanda ngazi, akafunga nyaya, akavuta kamba ya injini ya umeme, na mtaa mzima ukapasuka rangi, nyekundu, bluu, manjano, juu ya vichwa vya wageni. Wanawake wakapiga vigelegele, na kutoka dirisha la juu Sikina mwenyewe akasikika akicheka kwa furaha.

Valimohamed, moyo umemtulia, akamtazama fundi wake kuanzia ndevu hadi miguu, tope tupu, akamwuliza amekawia wapi. Famau akamjibu kuwa alikuwa mazishini. Valimohamed akampa pole, kisha akashangaa, kwa kuwa alijua vizuri Famau hana ndugu duniani. Akauliza mazishi ya nani.

“Ya kwetu,” Famau alisema. “Kwetu Somanga.”