Mahudhurio ya Angani

Jumatatu ya kwanza ya mafunzo, saa mbili kasoro dakika saba asubuhi, mwenyekiti wa Chama cha Huduma ya Kwanza alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyofudikizwa, nyuma ya karakana ya baba yake, ameinua simu kichwani kama mtu anayepima upepo. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka. Chini alivaa suruali ya kufanyia usafi, kwa kuwa kamera isingefika huko.

Chuo kilikuwa kimefungwa tangu ugonjwa wa kifua ulipoingia mjini, na wanafunzi walipewa saa sita kuhama mabweni. Mafunzo ya uongozi, ambayo kila mwaka viongozi wa vyama vya wanafunzi walipewa ukumbini kwa siku tano, mwaka huu yalihamishiwa kwenye simu. Barua ya chuo haikuzunguka mbuyu: chama ambacho kiongozi wake hatahudhuria siku zote tano kitafutwa kwenye orodha. Kwa chama cha mijadala au cha wapiga picha, hiyo ingekuwa aibu tu. Kwa Chama cha Huduma ya Kwanza lilikuwa jambo zito. Wanachama wake kumi na tisa, mwenyekiti akiwemo, ndio waliokuwa na vitambulisho vya kupita vizuizi, wakiwapelekea dawa na maji watu waliofungiwa majumbani. Chama kikifutwa, vitambulisho navyo vinakufa.

Shida ilikuwa mtandao. Mnara wa simu ulijengwa kilimani, ukaelekezwa upande wa nyumba za ghorofa. Mtaa wa karakana ulikuwa bondeni, mgongoni mwa mnara. Watu wa mtaa walikuwa wameiandikia kampuni ya simu barua kwa miaka minne, na kwa miaka minne walijibiwa kwamba barua yao imepokelewa.

Juu ya ndoo, mwenyekiti alipata mstari mmoja. Akapanda ngazi ya baba yake hadi kwenye bati, akapata miwili. Zilibaki dakika mbili. Akaitazama simu, akatazama juu, akapanda. Hakuruka. Aliinuka polepole kama mtu anayempisha mkubwa kiti, ila hakuishia kusimama. Alipofika kimo cha nguzo mbili za umeme zilizopandishwa moja juu ya nyingine, mistari yote minne ikajaa, naye akatulia hapo.

"Habari za asubuhi, mshauri," alisema. "Nipo."

Baba yake, fundi wa kuchomelea, alitoka karakanani na miwani yake myeusi, akaivua ili aone vizuri.

"Umepata?"

"Nimepata, baba."

"Haikatiki?"

"Haikatiki."

Fundi akarudi kwenye geti alilokuwa akiliunga. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo kila mteja aliyefika alisimamishwa mlangoni na kuelekezwa kidole juu. "Huyo wangu," alisema fundi. "Yuko kwenye mafunzo."

Bibi, mama yake fundi, ndiye aliyefikiria usalama. Alikuwa ameketi miaka thelathini kwenye ubao wa simu wa hospitali, akichomeka na kuchomoa nyaya, na alijua kwamba kitu kisichofungwa hupotea. Aliagiza kamba ya katani, akamrushia mjukuu wake ajifunge kiunoni, na yeye akashika ncha ya pili akiwa kwenye kigoda.

"Walisema simu za siku hizi hazina waya," alisema. "Wangeniuliza mimi."

Siku ya kwanza walifundishwa namna ya kuendesha mkutano. Mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mwenye sauti ya upole aliyefundishia jikoni kwake, aliwauliza viongozi thelathini na wawili tofauti ya hoja na malalamiko. Wengi walinukuu vitabu. Mwenyekiti alisema malalamiko hutafuta mtu wa kumlaumu na hoja hutafuta mtu wa kumtuma. Mshauri akaandika. Alikuwa amefundisha somo hilo miaka kumi na moja na hakuwahi kulisikia likisemwa kwa ufupi namna hiyo.

Siku ya pili msajili wa vyama, aliyekuwa akisimamia mahudhurio, aliingilia kati.

"Wewe wa Huduma ya Kwanza. Nyuma yako naona anga tupu. Hiyo ni picha ya mapambo?"

"Hapana, mzee. Ni anga."

"Kanuni zinasema mshiriki aonekane ameketi mezani, na nyuma yake pawe na ukuta."

Mwenyekiti hakubishana. Alimwambia bibi, bibi akamwambia fundi, na fundi akaliweka kando geti la watu. Kufikia alasiri alikuwa ameunga kiti na meza kwa nondo, na nyuma ya kiti akasimamisha kipande cha bati alichokipaka rangi ya maziwa. Hakuridhika. Akachora na swichi ya taa.

"Swichi ya nini sasa?" bibi aliuliza.

"Ukuta usio na swichi nani atauamini?"

Kesho yake mwenyekiti aliketi, akashika meza, akapanda navyo. Vyuma vile vilivyowatoa jasho wanaume wawili kuvibeba vilipanda kama unyoya. Msajili alitazama, akaona ukuta, akaweka alama ya vema. Mtaa mzima ulishangilia alama hiyo. Mwenye duka la vifaa vya shule alileta mwavuli ufungwe kwenye kiti dhidi ya jua, akasema asirudishiwe.

Kutoka kule juu mwenyekiti aliona paa zote. Kila somo likiisha, kabla ya kushuka, aliwatajia wanachama wake waliokuwa chini ni wapi ndoo imewekwa juu ya ukuta, maana hiyo ndiyo alama waliyokubaliana kwa nyumba iliyoishiwa maji. Katibu wake, kijana mrefu wa ualimu ambaye mikono yake haikujua kutulia, aliandika na kuwapanga. Walichokuwa wakikimaliza kwa siku nzima sasa walikimaliza kabla ya saa sita.

Siku ya nne somo lilikuwa "Kiongozi Wakati wa Dharura." Mshauri alikuwa ndiyo kwanza amesoma kichwa cha habari, mwenyekiti alipomwona mshona nguo.

Mshona nguo aliishi peke yake katika nyumba ya uani, mtaa wa pili kutoka karakanani. Karatasi nyekundu ya wagonjwa ilikuwa getini kwake siku ya sita. Sasa alikuwa amelala kifudifudi kando ya bomba, ndani ya gauni la njano, na maji yalikuwa yamejaa ndoo, yakamwagika, yakafika kizingiti cha mlango. Hakuna mwingine aliyeweza kumwona, kwa sababu uzio wake ulikuwa mrefu na aliyekuwa juu ya uzio alikuwa mmoja tu.

"Naomba radhi, mshauri," alisema mwenyekiti. "Nina mgonjwa."

Simu moja haiwezi kuonyesha sura na kuita gari la wagonjwa kwa wakati mmoja. Akatoka darasani, akapiga hospitali. Kisha akaweka mikono mdomoni.

"Katibu! Mshona nguo ameanguka! Geti limefungwa, zungukia nyuma, uzio una upenyo penye mpapai!"

Katibu na msichana mmoja wa mwaka wa kwanza walivaa barakoa na glavu wakikimbia. Mwenyekiti aliwaona wakipenya, akaona walivyosimama ghafla mbele ya ule mwili, maana kujifunza kwa mdoli ni kitu kimoja na binadamu ni kingine.

"Msiogope," aliwaambia, na sauti yake ikashuka hadi uani bila kutetemeka. "Mgeuzeni ubavu. Pamoja, moja, mbili. Inueni kidevu. Kifua kinapanda?"

"Kinapanda!" alijibu yule wa mwaka wa kwanza. "Kidogo!"

"Kidogo kinatosha. Kaa naye, mwongeleshe. Katibu, fungua geti."

Gari la wagonjwa lilipotea njia mara mbili, kwa kuwa mtaa huo haukuwa kwenye ramani ya dereva. Mwenyekiti alimwongoza kwa simu kona baada ya kona: kulia penye kinyozi, nyoosha, sio hapo, rudi nyuma. Alipouona mlango wa gari ukifungwa na mshona nguo yumo ndani, akiwa hai, ndipo alipotambua kwamba machozi yalikuwa yakimdondoka na kumnyeshea bibi yake aliyekuwa chini.

"Lia tu, mama," bibi alimwambia, hakuilegeza kamba. "Kazi umeshamaliza."

Akarudi darasani. Viongozi thelathini na mmoja walikuwa wakimngoja.

"Anaendeleaje?" mshauri aliuliza.

"Anapumua. Wamemchukua."

"Basi hilo ndilo somo," mshauri alisema, akafunga daftari lake.

Msajili alikohoa. "Amekosekana dakika arobaini na tatu. Kanuni ni thelathini. Siku ya nne hakuhudhuria."

Mshauri aliandika barua ya kurasa tatu. Alieleza kilichotokea, nani aliokolewa, na kwamba somo la siku ile lilikuwa ni hilohilo lililotendwa. Jibu lilikuja baada ya wiki moja na lilikuwa na sentensi mbili. Chuo kilimpongeza mwenyekiti kwa moyo wake wa kujitolea. Chama cha Huduma ya Kwanza kilifutwa kwenye orodha.

Fundi aliisoma barua hiyo amesimama. Akaikunja, akaingia karakanani.

"Baba," mwenyekiti alimwita kutoka mlangoni. "Nimewaangusha."

"Umemwangusha nani?" fundi aliuliza bila kugeuka. "Mimi nimeunga vyuma miaka ishirini na sita. Mageti, madirisha, vitanda. Kila nilichounga kimebaki pale nilipokiweka. Wewe ndiye kitu pekee kilichotoka nyumba hii kikapanda. Usiniambie habari za kuangusha."

Siku vitambulisho vilipokwisha muda, wanachama kumi na tisa walikwenda kwenye kizuizi hivyohivyo na madumu yao. Askari wa zamu alivishika, akasoma tarehe, akawatazama. Dada wa mshona nguo alikuwa jirani wa askari huyo.

"Sina miwani leo," alisema, akainua mti wa kizuizi. Askari huyo hakuwahi kuvaa miwani maishani mwake.

Mshona nguo alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, sauti imebaki nusu. Kabla hajafagia nyumba alikaa kwenye cherehani. Alishona vizibao kumi na tisa vya bluu, kila kimoja na msalaba wa kijani mgongoni, na cha ishirini akakipeleka kwa bibi wa kamba. Kile cha mwenyekiti alikishonea mikanda minne ya kukifungia kwenye kiti. Tangu hapo walipopita, watoto walisimama wima na wazee walivua kofia. Chama kisichokuwepo kwenye orodha yoyote kilijulikana kila nyumba.

Mwaka uliofuata ugonjwa ulikuwa haujaisha na chuo kilikuwa bado kimefungwa nusu. Mshauri alimwomba mwenyekiti afundishe somo la siku ya nne, kama mgeni mwalikwa, kwa kuwa hakuwa kiongozi wa chama chochote kinachotambulika. Akakubali. Tangazo la mafunzo lilikuwa na kifungu kipya, cha tisa: "Washiriki ambao makazi yao hayafikiwi na mtandao wanaruhusiwa kupaa, mradi waje na kiti, ukuta na mtu wa kuwashika."

Asubuhi ya somo walipanda sita kutoka bondeni. Alikuwepo katibu, aliyegombea uongozi ili chama kisajiliwe upya, na alikuwepo yule msichana aliyewahi kuwa wa mwaka wa kwanza, sasa kiongozi wa chama cha wanafunzi wa uuguzi. Fundi alikuwa ameunga viti vyote. Chini, mama, shangazi na babu walishika kamba, wakibishana ni wa nani aliyepanda wima zaidi. Mwenyekiti aliwakagua mikanda mmoja mmoja, akakaa mbele yao, akaanza.

"Kabla sijawaambia kiongozi hufanya nini," alisema, "kila mmoja atazame chini, aniambie anamwona nani."

Katikati ya somo, fundi mitambo wa kampuni ya simu alifika na gari, mara ya kwanza baada ya miaka mitano ya barua. Alivaa kofia ngumu na alikuwa na fomu kwenye ubao. Aliwatazama wale sita na mwalimu wao, akatafuta kivuli, akapaza sauti.

"Nyie wa huko juu! Mtandao mnaupata?"

"Tunaupata!" walijibu kwa pamoja.

"Unakatika?"

"Haukatiki!"

Fundi mitambo akaweka alama kwenye fomu, akaandika kwamba eneo linahudumiwa ipasavyo, akamwomba bibi atie sahihi kama shahidi. Bibi alimwonyesha kwamba mikono yake yote miwili ina kazi. Fundi mitambo akashukuru, akapanda gari, akaondoka kuelekea upande wa nyumba za ghorofa, ambako mtu alikuwa amelalamika asubuhi hiyo.