Kufuli Linalojisubiri

Mke wangu Adolphine alifariki Jumatatu, na tangu saa ile mikono yangu haikuwa yangu tena. Kwa desturi ya wakwe zangu, mume aliyefiwa hukaa chumbani juu ya mkeka. Hatoki, makaburini haendi, na hashiki kazi yoyote mpaka wazikaji warudi kumfungua. Akishika kazi, wanasema, anamvuta marehemu nyuma. Mimi ni mtu wa kusoma, lakini nilimwoa binti yao kwa desturi yao. Nilikaa.

Kalaba, kaka mkubwa wa Adolphine, aliweka kigoda mlangoni. Simu yangu ilikuwa mfukoni mwa koti lake.

Mtoto wetu wa kwanza, Djo, alikuwa Kasumbalesa, mpakani. Alikuwa anarudi na lori kutoka Zambia, na foleni ilikuwa imemkamata kati ya vizuizi viwili. Pale dereva haruhusiwi kuacha gari; pasipoti yake hubaki dirishani pa forodha mpaka deklarasyo, hati ya kutangaza mzigo, ipite. Mazishi yalipangwa Alhamisi mchana. Chumba cha maiti kilikuwa kimejaa na hakingeongeza hata siku moja. Kalaba alikuwa ametangaza mbele ya ukoo kwamba watazika, Djo awepo asiwepo.

Alhamisi asubuhi Myriam aliingia, amejifunga kitenge kama waombolezaji wengine, kompyuta yake mkobani, akakaa chini karibu nami. Myriam ni mwenzangu katika wakala wa forodha. Deklarasyo za malori yetu zote hupita katika seva moja, na ile sehemu ya kiini cha mfumo inayopokea ujumbe wa redio kutoka mpakani niliiandika mimi. Ufundi huo niliuanza katika shule ya usiku, baada ya saa za kazi yangu ya karakana, na sioni haya kusema kwamba niliujua vizuri.

Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba seva inaanguka. Wanaiwasha, inapitisha malori machache, inaanguka tena. Deklarasyo ya Djo ilikuwa bado inangoja.

Nilijua ugonjwa huo ni wa aina gani. Ndani ya seva zipo sehemu mbili za programu, tunaziita wafanyakazi, zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Mmoja anapokea ujumbe; mwingine, redio ikikatika, anaondoa muunganisho uliokufa. Wiki ile mvua ilikuwa inaikata redio kila mara. Kupitia dirisha niliona wenye viti vya kukodi wakikusanya viti uani kabla kilio hakijaisha. Mzee akiinuka kidogo kumsalimia mgeni, kiti kinaondoka, naye anakaa juu ya hewa. Seva yetu ilikuwa inaanguka hivyo hivyo: mfanyakazi wa kwanza amekwisha kuuona muunganisho, anageuka kuutumia, kumbe mwenzake ameuondoa.

Myriam alikuwa ameongeza mistari ya kurekodi kila hatua, ili amkamate mkosaji. Mistari ile ilimchelewesha mfanyakazi mmoja kidogo tu, na seva haikuanguka hata mara moja. Alipoifuta, ikaanguka. Kuirudisha kungekuwa kuomba bahati, na malori yalikuwa mengi.

Nilimwomba Kalaba aniruhusu nishike kompyuta.

"Shemeji," alisema, "dada yangu aligawana weye na ile mashini maisha yake yote. Leo tu, muache akuwe peke yake."

Nilimweleza kwamba ni kwa ajili ya Djo.

"Kusema sikukatazi," alisema. "Huyu mama aandike."

Basi nilisema, naye Myriam akaandika. Nilimwambia aandike kwamba mfanyakazi wa kwanza afunge kufuli anapoutafuta muunganisho, ili mwenzake asiuguse, na asilifungue mpaka amalize kazi yote. Myriam aliacha kuandika.

"Baba Constantin, ile fonction, ile sehemu ya programu ya kuondoa muunganisho, niliibadilisha. Sasa inachukua kufuli yenyewe."

Nilimwambia aandike nilivyosema. Nilikuwa naiona programu nzima akilini, kama nilivyoiacha.

Alituma mabadiliko ofisini, akawasha seva upya. Ikaganda papo hapo. Safari hii haikuanguka, ilisimama tu. Mfanyakazi alikuwa amejifungia kufuli, na katikati ya kazi akaiita ile fonction ya Myriam, akatakiwa kulifunga tena. Akawa anangoja aliyelishika aliachie, na aliyelishika ni yeye mwenyewe.

"Inajisubiri," Myriam alisema. Akampigia mlinzi wa ofisi aibonyeze swichi.

Nilimwambia Kalaba kwamba kusema hakutoshi, lazima nione. Alisogeza kigoda, akanikamata mikono yote miwili na kuikandamiza juu ya magoti yake.

"Angalia. Hii mikono iko kwangu."

Nilisoma hivyo, nimeinama kama mfungwa. Myriam alikuwa amesema kweli, na nilimwambia. Alijibu kwamba anajua. Kisha tuliiandika kwa njia yake: kufuli likiwa bado limefungwa, uhesabiwe mkono mmoja juu ya muunganisho, alama kwamba kuna anayeutumia, ndipo kufuli lifunguliwe; kazi ikiisha, mkono uondolewe. Muunganisho wenye mkono juu yake hauondolewi na yeyote.

Viganja vya Kalaba vilikuwa vimelowa jasho.

"Bado?" aliuliza.

"Bado," nilimjibu.

Redio ilikatika, ikarudi, ikakatika tena. Seva ikaendelea. Malori yakaanza kupita moja moja. Myriam alipoliona jina la Djo kwenye kioo, watu walikuwa wanajipanga kubeba jeneza. Kalaba aliniachia, akaenda kumbeba dada yake.

Nyumba ikabaki kimya. Myriam alikaa nami, simu yake mapajani. Ilipolia baada ya muda mrefu, aliniwekea sikioni.

"Baba, nimefika," Djo alisema. Alikuwa anahema. "Walikuwa wameanza kufukia. Tonton Kalaba amewasimamisha."

"Uko karibu na mama yako?"

"Niko pembeni ya kaburi."

"Basi mwaga udongo, mwanangu. Usiikate simu."

Nikasikia udongo ukianguka juu ya mbao.

Baadaye Myriam aliniuliza kama ningependa kuangalia hali ya seva. Nilimwambia anisomee. Wazikaji walikuwa bado njiani.