Wosia wa Chenge na Mdomo wa Obedi

Tulipomaliza arobaini ya mume wangu Chenge, mdogo wake Obedi alikuja nyumbani Usagara na wazee wawili wa ukoo. Hata hajakaa vizuri akaanza.

"Shemeji, ukoo umekaa. Wewe umezaa mtoto mmoja, tena wa kike, naye ameolewa. Shamba hili ni la baba yetu. Tutakusafirisha kwa kaka zako Kamanga na mizigo yako yote. Hata nauli ya kivuko ni juu yetu."

"Hicho kivuko panda wewe," nikamwambia. "Mimi nipo."

Binti yangu Modesta alikuwa anamimina chai, akacheka mpaka ikamwagika. Wazee hawakucheka. Walikunywa wakaondoka.

Nilikuwa na sababu ya kujibu vile. Mwaka tisini na sita Chenge aliumwa kifua, tukajua anakwenda. Kuandika alijua jina lake tu, kwa hiyo alitoa wosia kwa mdomo kama watu walivyofanya zamani. Wosia wa namna hiyo ulikuwa na utaratibu wake. Mashahidi ni wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, na mke awepo asikie mwenyewe. Wa ukoo walikuwa baba mdogo Masele na huyuhuyu Obedi. Wa nje walikuwa mwalimu Rwegasira na jirani yetu Kokushubira, wote watu wa Bukoba.

Chenge alikaa kitandani ameegemea ukuta, akasema nyumba na shamba ni vya Sabina, ndiye mimi, na Sabina akifa ni vya Modesta. Kisha akataka kila shahidi ayarudie maneno hayo kwa zamu, kama watoto wa mafundisho ya komunyo. Wakarudia wote wanne. Halafu mwanamume akapona! Akaishi miaka ishirini na saba mingine, na neno lake hakuligeuza hata siku moja.

Tatizo ni kwamba katika miaka hiyo Masele alikufa na Rwegasira akafa. Nilipokwenda mahakama ya mwanzo kuthibitisha wosia, nilikwenda na Kokushubira peke yake, anatembelea fimbo. Alieleza vizuri, hata rangi ya blanketi aliitaja.

Hakimu alikuwa kijana mwenye adabu. "Bibi," akaniambia, "shahidi wako nimemsikia. Ila wa nje peke yake hatoshi. Wa ukoo yuko wapi?"

"Si yule pale, mheshimiwa, mwenye koti."

Obedi akapanda kizimbani, akashika Biblia, akaapa. Akasema siku hiyo alikuwa Geita kutafuta ng'ombe. Wosia hakuusikia, na kama ungekuwepo angeambiwa.

"Mama, anadanganya na Biblia mkononi!" Modesta akaninong'oneza, ananibana mkono.

"Tulia. Mwache amalize."

Obedi namjua tangu nilipoolewa pale, yeye akiwa kijana wa kuchunga. Ukimwita mwongo hasumbuki, na ukimwita mchoyo anakubali. Lakini asije mtu akasema Obedi alikaa na wanaume wenzake akanyamaza. Kwenye vikao vya ukoo anasema hata akiwa na ugali mdomoni.

"Bibi, una swali kwa shahidi?" hakimu akauliza.

"Ninalo, mheshimiwa." Nikasimama polepole, maana magoti haya hayaharakishwi. "Shemeji, mimi sikulaumu. Kaka yako alipolitoa shamba la baba yenu, wewe uliinama kimya kama mkwe aliyefika ukweni. Ulikuwa bado mdogo."

"Hilo si swali," karani akasema.

"Swali linakuja, mwanangu. Shemeji, siku ile ulimwogopa kaka yako, au ulimwogopa mwalimu Rwegasira?"

"Nani aliogopa?" Obedi akapiga ubao wa kizimba. "Mimi? Nilimkatalia kaka usoni! Nikamwambia, kaka, shamba la baba unampa mwanamke, umerogwa? Waulize! Ni mzee Masele aliyeniamuru nirudie yale maneno, la sivyo nisingeyarudia ng'o!"

Kokushubira akajifunika mdomo kwa khanga, mabega yanamtikisika.

Hakimu akaandika, akaandika, kisha akainua kichwa. "Bwana Obedi, hayo ulimwambia kaka yako siku gani?"

"Siku ile."

"Ukiwa Geita?"

Watu wakaangua kicheko, karani naye akiwemo. Obedi akashuka kizimbani bila kuruhusiwa.

Baada ya wiki mbili hukumu ikasomwa. Wosia wa Chenge umethibitika. Obedi alinikuta nje.

"Umenitega, shemeji."

"Nimekuuliza tu. Jibu ulilitoa mwenyewe."

"Sawa. Na wewe ukifa tutaona. Binti aliyeolewa hawezi kushika shamba letu."

Nilimtazama mpaka akapepesa macho. Alikuwa amenikumbusha kazi: neno la Chenge juu ya Modesta liwe na karatasi pia, si la mdomo tu.

Jumamosi ya wiki hiyo hiyo niliita mashahidi, wa ukoo na wa nje, na wale wazee wawili waliokuja kunifukuza nikawaita pia. Walikuja. Nilimwambia Modesta aniletee daftari. Akataka kuniandikia, nikakataa. Shule yangu ni ya miaka mitatu, lakini inatosha kwa mistari minne. Niliandika asubuhi nzima, herufi kubwa kama vifaranga, wazee wanasubiri chakula. Niliandika kwamba shamba la Usagara na nyumba yake ni vya Modesta, binti yangu, aliyeolewa.

"Hilo la kuolewa linahitajika?" mzee mmoja akauliza.

"Linahitajika. Weka sahihi."

Akaweka. Karatasi nimeipeleka mahakamani, imegongwa muhuri. Obedi ametuma salamu kwamba siku yangu ikifika ataipinga. Aipinge. Mimi kesho napanda mihogo upande wa barabarani, pale pale anapopatamani.