Mkulima wa Vitunguu Bustanini

"Mama Eveline, utakunywa chai peke yako mpaka lini?"

Bibie, jirani yangu hapa Ilomba, aliniuliza hivyo mwaka wa tatu tangu nifiwe na mume. Alikuwa na mtu wa kunikutanisha naye: Bartholomeo, mkulima wa vitunguu kule Ruaha Mbuyuni, naye amefiwa, tena Mlutheri kama mimi. Tukapatana kukutana sote watatu Iringa, kwenye bustani ya zamani kando ya mto.

Nilimwomba Mungu anionyeshe moyo wa Bartholomeo. Alipofika hakuketi. Alipita katikati ya mawaridi, akachota udongo, akaunusa.

"Maji yote haya, halafu wamepanda maua! Hapa ni magunia mia ya vitunguu."

Bibie alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Na mimi nilicheka. Mwanamume mwenye bidii si wa kukataa.

"Na wewe mama, nasikia kwako una maua?"

"Ninayo. Kila Jumapili napeleka altareni."

"Nikikuoa tunang'oa yote. Mungu hali maua."

"Kwani vitunguu anakula?"

Bibie akacheka tena. Bartholomeo akanitazama, akavaa kofia yake, akatoka getini.