Aliyewahi Kusema Simama

Povu lililodondoka mdomoni mwa farasi lilikuwa na damu. Aline aliitazama, akaona aibu, kwa kuwa mkono uliovuta hatamu asubuhi nzima ulikuwa wake.

"Vuta, binti! Huyo ni mnyama, si mgeni wa kubembelezwa," Mzee Mashimba, msimamizi wa ranchi, alikuwa amemfokea. "Kesho asiposimama kwenye mstari huu wa langoni, unarudi jembeni. Paschal atapanda badala yako."

Jembe Aline alilijua. Mama yake alilishika pale kijijini Nemba tangu walipovuka kutoka Burundi, mpaka mgongo ukapinda. Kuswaga ng'ombe juu ya farasi ndiyo kazi ya kwanza aliyoipenda, na hakuwa tayari kuipoteza kwa kelele za mtu.

Jioni hakupanda. Alimtembeza farasi kwa kamba huku akiikodolea macho miguu yake, na hapo ndipo alipong'amua kosa lao. Wapanda farasi wote wa ranchi walianza kwa kujifunza baiskeli, wakadhani na kiumbe huyu ana breki. Kumbe ukimvuta wakati mguu wa nyuma ndio kwanza unanyanyuka, hana pa kusimamia, atakwenda tu hata umchane mdomo. Aombwe kusimama mguu unapokaribia kutua.

Kesho yake akaja langoni kwa mwendo wa mbio ndogo.

"Simama!" Mashimba akapaza sauti.

Aline akangoja. Nusu pumzi tu. Alipohisi mguu unashuka, akajikita kwenye tandiko, akafumba vidole juu ya hatamu. Farasi akatulia tuli, hatua moja kupita mstari.

"Umechelewa."

"Sikuchelewa, mzee. Wewe ndiye uliyewahi."

Wakamuaji waliokuwa kando ya lango wakaacha kukamua. Mashimba hakuwa mtu wa kujibiwa, lakini Aline hakushuka wala hakuinamisha uso.

"Rudia. Nikisema simama, ni simama!"

"Wewe sema, mzee. Mimi nitamsikiliza yeye. Kama unamtaka wa kuvuta, mwite Paschal, na maji ya chumvi ya kumwoshea farasi kidonda yawe tayari."

Hakungoja jibu. Aligeuza farasi, akaenda mbali, akarudi kwa kasi zaidi ya mwanzo. Mstari ukakaribia. Mashimba akafungua kinywa, na sauti haikutoka. Alikuwa ameinama kidogo, macho kwenye kwato za nyuma, akingoja moja ishuke.